Kwa Nini Hatua ya Pili Ilikawia

Hulda aliijua kazi ya Alhamisi kwa masikio kabla ya macho. Hatua ya kwanza ikianza, kompyuta kubwa ilikoroma kidogo kama mtu anayejigeuza kitandani. Hatua ya pili ilikwaruza, kr, kr, kr, kama panya aliyeingia kwenye makuti. Ya tatu ilinyamaza, na kuanzia hapo mtu angeweza kuinjika chai akijua kwamba orodha ziko njiani. Alhamisi hii ilikuwa saa tatu asubuhi, jenereta imenguruma tangu saa kumi na mbili, na panya bado yumo.

Ilikuwa Januari, mwaka ule wa Elnino. Mto ulikuwa umetoka kitandani mwake ukalala juu ya mashamba, na Garsen ikabaki kisiwa. Ghala la misaada lilikuwa juu kidogo, ndiyo maana halikuingia maji. Chumba chake cha nyuma kilikuwa na meza mbili, kompyuta kubwa na ndogo zilizofungwa kwa waya mmoja, na printa ya kelele. Huko chini, pale barabara ilipozama, mashua ya injini ilikuwa imeshapakiwa mahindi na maharagwe. Ilingoja karatasi tu.

Karatasi hiyo ilikuwa orodha ya kaya: kadi namba fulani, jina fulani, midomo mingapi, kilo ngapi. Alhamisi iliyotangulia orodha haikuwahi. Mashua ikaondoka na magunia yasiyo na majina, na kule juu, Kambi ya Kisima, watu wakagombania mpaka mzee mmoja akavunjwa mkono. Siku ya pili ikaja amri kwa redio kutoka Mombasa: bila orodha, gunia halipandi mto. Na saa sita mchana ndiyo ilikuwa mwisho. Mashua ikipita hapo, giza lingeikuta katikati ya viboko na magogo yanayoelea. Safari nyingine ni wiki nzima mbele.

Kambi ya Kisima ilikuwa na kaya mia nne na chache. Moja ilikuwa ya mama yake Hulda, na humo alikuwemo Mitchelle, binti yake wa miaka tisa. Alikwenda kwa bibi yake likizo ya Desemba, maji yakaifunga njia nyuma yake. Ofisini hakuna aliyelijua hilo. Hulda hakulisema, maana angelisema wangedhani anaivuta orodha upande wa kwao.

Alikuwa mtu wa Ngao, binti wa mkulima wa mpunga. Shule ilimwacha darasa la saba. Kuchapa alijifunza kwenye ofisi ya kanisa, kwa taipureta iliyokosa herufi ya "h", hata jina lake alilimalizia kwa kalamu. Baadaye aliandika vyeti vya mizigo kwenye kiwanda cha pamba mpaka kiwanda kikafungwa. Shirika la chakula lilipomchukua, lilimpeleka Malindi wiki tatu kusomea kompyuta. Wenzake walijifunza kuingiza majina, ikatosha, siku mbili za mwisho wakaenda kutembea mjini. Hulda alibaki peke yake na mwalimu, akafundishwa kuuliza.

"Hifadhidata," mwalimu alimwambia, "ni mtu mkweli asiye na adabu. Anakujibu ulichouliza, si ulichokusudia. Kwa hiyo jifunze kuuliza vizuri."

Kalama, msimamizi wa ghala, aliingia akiwa na matope mpaka magotini. Alikuwa mtu wa upande wa Malindi, mwenye sauti iliyozoea uwanja.

"Mama Mitchelle, imefika wapi?"

"Hatua ya pili."

"Bado? Saa moja ulisema hatua ya pili."

"Saa moja pia ilikuwa ya pili."

Kalama akakaa juu ya gunia tupu. "Nimesema na Mombasa. Wanasema watu wameongezeka, kwa hiyo mashine inachoka, tuvumilie. Wataleta kubwa zaidi mwezi wa tatu."

"Mwezi wa tatu," Hulda alirudia, bila kumgeukia.

Nyuma ya Kalama aliingia Iha, nahodha wa mashua, akajiegemeza mlangoni akitafuna mswaki. "Bosi, mimi niko tayari. Magunia yako tayari. Hata viboko wako tayari, nimewaona watatu."

"Ngoja mpaka saa saba leo, nahodha."

"Saa saba mimi sipandi. Labda upande wewe, nikupungie mkono."

Hulda alikuwa ameshavuta kiti kwenye kompyuta ndogo. Jambo moja lilikuwa limemkereketa tangu wiki iliyopita. Kabla ya mafuriko kazi nzima ilichukua dakika arobaini, na hapo printa haijahesabiwa. Watu waliongezeka, kweli, lakini waliongezeka mara mbili tu, na muda ukaongezeka mara nane. Ukiongeza watu wawili kwenye chungu, ugali hauchelewi mpaka kesho.

Programu ile ilikuwa na tabia moja nzuri ambayo watu hawakuijali. Kila hatua ilipoanza na ilipokwisha, iliandika saa yake kwenye jedwali la pembeni, kambi kwa kambi, pamoja na idadi ya mistari iliyopitia. Lilikuwa limekaa humo tangu mwanzo kama daftari la zamu ambalo hakuna mkubwa anayelifungua. Hulda aliandika swali lake la kwanza polepole, kwa vidole viwili: nipe kila hatua, ilianza saa ngapi, ikaisha saa ngapi; anza na iliyokawia kuliko zote; wiki nane za nyuma.

Jibu likashuka kwenye kioo. Hatua ya kwanza, ya tatu, ya nne na ya tano hazikuwa zimebadilika tangu Novemba. Dakika tano, dakika tatu, dakika sita, dakika tano. Zote zilikuwa na afya. Ya pili peke yake ilikuwa imevimba: dakika ishirini, saa moja, saa mbili na ushei, saa tatu u nusu, na wiki iliyopita saa tano na dakika kumi.

"Si mashine nzima inayochoka," alisema. "Ni mahali pamoja."

"Mahali gani?" Kalama akasogea.

"Pale inapotafuta mtu aliyejiandikisha mara mbili."

Akauliza swali la pili: hatua ya pili tu, igawe kwa kambi. Kambi ya Kisima, dakika mbili. Nyingine mbili za mtoni, dakika mbili na kidogo kila moja. Zikafuata nyingine, zote chini ya dakika tatu. Wa mwisho ulikuwa mstari mmoja usio na saa ya kumalizia. Garsen Mjini. Umeanza saa kumi na mbili na nusu. Mistari: elfu tano mia tatu kumi na sita.

Kalama aliisoma ile namba kwa midomo. "Garsen haina kaya elfu tano. Hata na wale wafugaji waliokimbilia hapa. Kaya elfu moja na kitu, basi."

"Ndiyo."

"Sasa hao elfu nne ni nani?" Sauti yake ikabadilika. "Kuna mtu anatia majina hewa."

Neno hilo lilikaa chumbani kama harufu. Majina ya Garsen yalikuwa yakiandikwa na kuingizwa na karani mmoja tu, kijana wa Kiorma aitwaye Tadicha. Tadicha hakuwepo asubuhi hiyo, alikuwa huko kwa wafugaji na fomu zake. Iha akaacha kutafuna mswaki.

"Usimhukumu mtu kwa namba moja," Hulda alisema. "Hebu niulize tena."

"Uliza haraka. Ni saa nne kasoro."

Wakati huohuo kivuli kiliziba mlango. Alikuwa Gumato, mama wa Kiorma wa makamo, leso yake imelowa pindoni. Kila Alhamisi alikuja, na kila Alhamisi alikaa palepale kizingitini na kadi yake mkononi.

"Nimekuja tena," alisema.

"Mama, leo si siku," Kalama alimjibu.

"Kila siku unasema si siku. Mimi nimeandikwa mtu mmoja. Napewa chakula cha mtu mmoja. Mimi si mtu mmoja."

"Nilikuuliza wiki iliyopita una watoto wangapi, ukanitazama tu. Sema idadi, nikuandikie. Mficha uchi hazai, mama."

"Mimi nimezaa," Gumato alisema. "Wako pale nje wamekaa."

Iha alicheka mpaka mswaki ukamtoka. Kalama hakucheka. Hulda naye hakucheka, ila vidole vyake vilikuwa vimesimama juu ya herufi. Mtu huyu kwenye kompyuta ni mmoja. Garsen kwenye kompyuta ni elfu tano. Yote mawili hayawezi kuwa kweli katika mji mmoja, isipokuwa yametoka kwenye kosa moja.

"Mama Gumato," alisema, "nipe kadi yako niione namba."

Akaiandika ile namba akauliza swali la tatu: nipe kila mstari wenye kadi hii. Alitegemea mmoja. Ikaja minane. Kadi moja, majina manane, na kwenye nafasi ya midomo hapakuwa na kitu, patupu mistari yote.

"Haya ndiyo majina hewa?" Kalama aliuliza juu ya bega lake.

Hulda alimgeukia Gumato. Alitaka kumwuliza ana watoto wangapi, akakumbuka jinsi alivyomtazama Kalama. "Nitasoma majina tu," akasema. "Nikikosea unikatize. Gumato."

"Mimi."

"Kuno."

"Wangu."

"Bishara. Barwako. Abdullahi."

"Wangu. Wangu. Huyo Abdullahi yuko fora, malisho ya mbali, na ng'ombe waliobaki. Lakini akirudi atakula."

"Hodan. Dahabo. Abdinur."

"Wangu," Gumato alisema. "Huyo wa mwisho bado ananyonya. Tadicha aliandika vizuri. Yeye ni mtoto wa nyumba, alijua. Hakuniuliza namba."

"Kwa nini asikuulize?" Kalama alisema. "Fomu inataka namba."

Gumato alimtazama kama mtu anayetazama mgeni aliyevaa viatu msikitini. "Mtoto na ng'ombe hawahesabiwi, bwana. Ukihesabu, unaita jicho. Mtu akitaka kujua wangu, namtajia. Mmoja mmoja, na jina lake."

Hapo Hulda akaiona kazi yote ya Tadicha. Kijana amekaa mbele ya mama wa kwao, rika la mama yake mzazi, fomu inamwambia uliza idadi, na mdomo wake unakataa. Basi anasema, nitajie. Mama anamtajia. Naye, kwa adabu, kila mtoto anampa mstari wake. Jioni anaingiza kwenye kompyuta vilevile. Nyumba moja imekuwa nyumba nane.

"Bosi, sikiliza," alisema, safari hii haraka. "Hatua ya pili inalisalimianisha kila jina na kila jina lingine la kambi ileile. Watu kumi wakipeana mikono wote kwa wote, ni mikono arobaini na mitano. Wakiwa ishirini si tisini, ni mia moja na tisini. Sasa weka elfu tano. Ndiyo inakwaruza mpaka mchana. Na mwisho wake ikikuta majina manane kwenye kadi moja inasema, huyu amejiandikisha mara nane, inabakiza moja, mengine inatupa. Mama huyu anabaki mtu mmoja."

"Kwa hiyo Tadicha si mwizi."

"Tadicha ana adabu."

"Na nani mwingine ana adabu hiyo?" Iha aliuliza.

Swali zuri. Hulda akaliuliza kama lilivyo: kadi za Garsen zenye mstari zaidi ya mmoja, ni ngapi? Mia sita na arobaini. Mistari yake, elfu nne mia nane ishirini na tisa. Zilizobaki, mia nne themanini na saba, zilikuwa na mstari mmoja mmoja na midomo yake imeandikwa sawasawa.

Sasa ilikuwa saa nne na dakika tano. Dawa ilijulikana: kila kadi ya zile mia sita na arobaini iwe mstari mmoja, na idadi ya mistari iliyokuwepo iingie kwenye nafasi ya midomo. Swali moja refu lingeifanya. Lakini majina yasingeweza kuguswa kazi ikiwa inaendelea. Ingebidi isimamishwe.

"Ukiiacha, itaisha lini?" Kalama aliuliza.

"Wiki iliyopita mistari ilikuwa pungufu kidogo ya hii, ikachukua saa tano na dakika kumi. Leo labda saa tano u nusu. Saa sita inafika hatua ya pili ndiyo kwanza inakwisha. Kisha hatua tatu, kisha kuchapa. Saa saba kasoro."

"Iha?"

"Nimeshasema. Viboko hawajui saa saba kasoro."

"Na ukiizima?"

"Ikikubali, tutawahi. Ikikataa," Hulda alitazama mtungi wa dizeli pale mlangoni, "mafuta hayatoshi kuanza upya mara ya pili. Leo hakutakuwa na orodha. Si ya saa sita wala ya jioni."

Kalama alijikuna kidevu chenye matope. Nje watoto wa Gumato walikuwa wakigombana juu ya kitu fulani kwa sauti ndogo. "Mimi Mombasa nitawaambia nini? Kwamba karani wa kuchapa alizima kazi ya saa nne kwa sababu mama mmoja ametaja watoto wake?"

"Waambie hivyohivyo."

"Ukiizima ni wewe, Mama Mitchelle. Mimi sikugusa."

"Ni mimi."

Alinyoosha mkono. Akabonyeza. Panya akanyamaza, na chumba kikawa kitupu kiasi kwamba jenereta ilisikika kama imeingia ndani.

Kwanza alinakili jedwali zima la Garsen na kuliweka kando kwa jina jingine, ili akiharibu apate pa kurudi. Kalama alihema kwa nguvu kuona dakika nne zikienda kwenye kunakili. Kisha akaandika lile swali refu. Alilisoma kutoka mwanzo, akalisoma kutoka mwisho. Kwenye kisomo cha pili aliliona shimo: alikuwa amesahau kusema "zaidi ya mmoja." Lingepita hivyo, zile kaya mia nne themanini na saba zilizoandikwa vizuri zingefanywa mtu mmoja mmoja zote. Akaliziba, akabonyeza.

Garsen Mjini: mistari elfu moja mia moja ishirini na saba.

"Gumato," alisoma kimya. Mstari mmoja. Midomo, minane. Hakuisoma namba kwa sauti.

Saa nne na dakika ishirini na sita aliianzisha kazi tena kwenye mashine kubwa, na mashine kubwa ikakataa kuanza. Kioo kikasema kazi iliyopita haikufungwa vizuri, kwa hiyo inakagua mafaili kwanza. Namba zikaanza kupanda. Asilimia moja. Mbili.

"Inafanya nini?" Kalama aliuliza.

"Inajikagua."

"Mpaka lini?"

Hulda aliendelea kuzihesabu asilimia. Iha alishuka kwenda mashuani akarudi. Dakika kumi na moja. Kisha kompyuta ikakoroma, ikajigeuza, na panya akaingia.

Hulda alikuwa kwenye kompyuta ndogo, akiliuliza jedwali la pembeni swali lilelile kila dakika. Garsen imeanza. Garsen bado. Dakika tano. Dakika kumi. Gumato naye hakuwa ameondoka. Alikuwa ameegemea mwimo akimtazama Hulda usoni badala ya kioo, kama anayesoma hali ya hewa. Dakika kumi na tano, na upande wa kulia ikajitokeza saa ya kumalizia.

"Imetoka Garsen," Hulda alisema.

Kambi ndogo zilikuwa zimeshatangulia, zikifuatana kama mbuzi mlangoni. Saa tano na robo mashine ilinyamaza kuingia hatua ya tatu. Kalama aliketi, akainuka, akaketi. Saa tano u nusu printa ikaanza kupiga kelele zake, na Hulda akaipa kambi za mtoni kwanza, kwa mpangilio wa mashua: ya karibu, ya katikati, Kisima mwisho. Karatasi ilipinda ukurasa wa tisa. Aliinyoosha kwa kucha bila kuzima.

Saa sita na dakika saba Iha alizipokea kurasa zikiwa bado na joto, akazifunga kwenye nailoni.

"Nilisema saa sita," alisema.

"Saa yako inakimbia," Kalama alimwambia.

"Saa yangu haina maji ndani kama yako, bosi." Akateremka mbio. Baadaye kidogo injini ikasikika, ikapungua, ikapotelea upande wa juu.

Alasiri Gumato alipimiwa mahindi ya nyumba yake. Kijana wa mizani alitaka kumsomea hesabu, Hulda akampa ishara anyamaze, apime tu. Gumato alifunga gunia, akawapa wanawe washike pembe. "Sasa nimeandikwa," alisema, akaenda zake.

Redio ya usiku huo haikushika. Ijumaa ilishika kwa kukatika, ikasema mashua imefika baada ya Magharibi, hakuna ugomvi, basi. Hulda aliuliza kama kuna wagonjwa. Sauti ikasema kitu ambacho hakukipata. Akala chakula chake cha mchana nusu, kingine akampa paka.

Jumamosi Iha alirudi na nailoni ileile. Orodha ilirudi na sahihi, kama ilivyo desturi, ili kila aliyepokea aingizwe. Nyingi zilikuwa alama za vidole gumba, zambarau na kubwa. Hulda aliingiza kambi ya karibu, akaingiza ya katikati. Hakuruka. Alipofika Kisima, ukurasa wa sita, mstari wa kumi na nne lilikuwepo jina la mama yake, midomo mitatu, kilo kamili. Pembeni hapakuwa na kidole gumba. Mtu alikuwa ameandika kwa penseli, kwa herufi za shule, kubwa kubwa, zikapanda juu ya mstari wa jirani: MITCHELLE KWA NIABA YA BIBI.

Aliitazama kwa muda ambao Kalama aliweza kumaliza kikombe kizima cha chai.

"Kuna tatizo hapo?" Kalama aliuliza.

"Hapana," Hulda alisema. Akaandika: amepokea. Akaenda mstari wa kumi na tano.